FUNDO LA AJIDA NASIRI: Swala ya Asiyekuwepo

"Musiswali! Baba yangu haiko marehemu!"

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na najua mmenisema vibaya tangu siku hiyo. Dada mmoja wa sokoni Rumonge alinisimamisha barabarani akaniuliza nina roho gani ya kumwacha mtoto wa watu akipiga kelele namna ile. Basi, dada, turudi upesi uani kwa Mama Zuwena, mke wa Ajida Nasiri, kabla Shehe Amissi hajasema Allahu akbar.

Maana mikono yake ilikuwa imeshafika masikioni. Swala ya Ijumaa imekwisha, wanaume wa mtaa wa Waswahili wamepanga safu juu ya mikeka, viatu wameviacha ukutani, na wote wameelekea kibla kumswalia mtu ambaye hakuwepo. Ajida Nasiri Mbaraka alikuwa askari, na ajida ndicho cheo chake jeshini. Mwaka ule wa 2015 nchi ilipopasuka na askari wakagawanyika pande mbili, alitoka kambini na hakuonekana tena. Hakuna jeneza, hakuna kaburi. Kaka yake mkubwa, Hadji Ismaili, ndiye aliyesema sasa basi.

"Mutu asiyeswaliwa anazunguka," aliwaambia jamaa. "Na ndugu yangu amezunguka vya kutosha."

Hakusema uongo. Nyumba ile ilikuwa na mtu asiyeonekana. Kila chakula, sahani yake iliwekwa mkekani, na kila chakula ikaondolewa ilivyokuwa. Tahira, mtoto wao wa pekee, alitandika kitanda chake kila asubuhi kama baba alivyomfundisha kambini, shuka imevutwa mpaka haina kunjo, kisha akasimama kando akisubiri mtu aje kukagua. Alianza hivyo akiwa na miaka sita. Sasa ana kumi na saba, na bado anasimama.

"Mwanangu," Shehe alisema akishusha mikono, "unasema nini?"

Tahira alitoka upande wa wanawake akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia. Mkononi alikuwa na kifurushi cha samaki wakavu.

"Hiki hapa, Shehe. Kimekuja leo asubui. Musiangalie samaki, muangalie fundo."

Wakaangalia. Kamba ilizungushwa mara mbili na mkia wake umefichwa chini, kama mtu aliyeficha kidole.

"Ni la baba. Alifunga hivi mufuko wake wa kazi, na chandarua, na viatu vyangu vya shule. Mu hii Rumonge yote hakuna mwingine anajua. Kila Ijumaa, mbele ya azana ya alfajiri, tunakuta kifurushi ku mulango. Tangu niko mutoto mudogo."

Hadji akamnyang'anya. Akautafuta mkia wa kamba, akauvuta, na fundo zima likafunguka mara moja, samaki wakamwagika mkekani. Uso wa mzee yule ukabadilika. Aliujua mkono wa ndugu yake.

"Shemeji!" alimwita Zuwena. "Ulikuwa unajua hii?"

Mama Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Tahira, ingia ndani," ndilo neno pekee alilolisema.

Lakini nani amsikilize? Mikekani watu walikwisha kushikana mikono. Shehe Amissi alisema mtu aliye hai haswaliwi, na kumswalia ni kumfungia mlango akiwa angali njiani. Ndani ya nyumba bibi mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadaka. Tahira alicheka mbele za watu, kicheko cha mtoto. Jirani zake walisema baadaye kuwa hawakuwahi kumwona akicheka vile.

"Amahoro," sauti ilisalimu kutoka langoni.

Wengi waliitikia bila kugeuka. Tahira aligeuka, kwa sababu alimjua mtu yule hata kabla ya kuuona uso wake. Watoto wa kambini huwajua watu kwa mwendo. Huyu alikuwa Serja Hyacinthe, sajini na jirani yao wa zamani wa kambini, nyumba zao zilitumia ukuta mmoja. Binti yake, Elda, na Tahira walilea mwanasesere mmoja kwa zamu, mpaka mwaka ule. Mwaka ule wake za askari walianza kupanga mistari miwili kwenye bomba moja la maji, mstari wa huku na mstari wa kule, na kila mama akamwambia mwanawe nani asimsalimie tena. Watoto hawakuelezwa sababu. Mtoto wa askari haelezwi, anaambiwa.

"Nimesikia leo munamuombea Nasiri," Hyacinthe alisema. Kofia yake alikuwa ameikunja mkononi. "Nimetoka mbali, Kirundo, juu ya hiyo."

"Umechelewa, Papa Elda!" Tahira alimkimbilia. "Hatumuombei tena. Iko muzima! Angalia, fundo lake hili hapa."

Hyacinthe aliitazama kamba iliyoning'inia mkononi mwa Hadji. Akakaa mchangani palepale alipokuwa.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Mutoto, Nasiri haiko muzima. Miye nilimuzika. Kwa hii mikono."

Vigelegele vilikatika kama vimezimwa.

"Ulimuzika wapi?" Hadji aliuliza.

"Kigwena. Nyuma ya mashamba ya mawese, karibu na pori. Kama munataka alama, alikuwa na kovu mu bega la kuume, alilitoa Somalia. Miye ndiye nilimufunga bandeji."

Hadji akajifunika uso kwa kilemba chake. Kovu lile alikuwa ameligusa.

"Na samaki?" Tahira aliuliza. "Nani anatuletea samaki?"

"Samaki ni wangu. Fundo alinifundisha kule Somalia, tulikuwa mu hema moja. Nilipewa kazi huku ku ziwa, nikaona nyumba yenu kila siku, nikakosa kinywa cha kuja kusema. Nikaleta samaki."

Msomaji wangu, usimhukumu bado. Subiri, sababu za kumhukumu zinakuja.

Tahira hakulia. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga ndani, limejaa kamba za Ijumaa zote, na kila moja aliibusu kabla ya kuiweka. Kumbe alikuwa akibusu kamba za jirani. Alihisi aibu kwanza, uchungu ukafuata nyuma yake.

Shehe Amissi akainuka, akasema inna lillahi, akaomba safu zipangwe tena. Wanaume wakasimama kwa uzito.

"Lakini, Shehe," Hyacinthe alisema akijifuta macho, "hicho cha leo si changu. Walinihamisha Kirundo mbele ya Ramadhani ya mwaka jana. Tangu pale sijaleta hata kimoja."

Swala ikakatizwa tena. Maskini Shehe, siku ile mikono yake ilipanda na kushuka kuliko ya mpiga kasia wa mashua.

"Munasikia?" Tahira alipiga kelele. "Munasikia ninyi? Kama si yeye, ni nani? Ni baba! Papa Elda, ulizika mutu mwingine. Ilikuwa giza, ilikuwa vita, ulizika mutu mwingine!"

Hakuna aliyethubutu kumbishia. Ukimwona mtoto anang'ang'ania ukingo wa mtumbwi, humgongi vidole.

"Ni miye," Mama Zuwena alisema.

Aliachilia fremu ya mlango. Akashuka uani, akapita kati ya wanaume, akapiga magoti penye samaki waliomwagika. Akachukua kamba mkononi mwa shemeji yake. Mbele ya mtaa mzima akazungusha mara moja, akazungusha ya pili, akauficha mkia, na macho yake hayakutazama kamba hata mara moja. Yalimtazama binti yake.

"Kile cha kwanza kabisa," alisema, "niliona mukia umelala kushoto. Nasiri hakukuwa mutu wa mukono wa kushoto. Hyacinthe ndiye. Pale pale nikajua kama bwana wangu amekufa, juu mwanaume hawezi kukuletea samaki kwa kujificha kama bwana wako anapumua. Nikanyamaza. Alafu mwaka jana samaki zikakatika. Tahira akashinda ku mulango, akakataa kula. Basi nikajifunza kulifunga."

"Mama," Tahira alisema polepole. "Juu ya nini?"

Mama akafunga mdomo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulitoka kwa Hadji Ismaili.

"Ngoja kwanza," mzee alisema. Alimgeukia Hyacinthe. "Ndugu yangu alikataa kupigia bunduki upande wowote. Pande zote zikamutafuta. Alikuwa anakuja hapa kuaga watu wake, alafu ashuke Kabonga, avuke Tanzania. Hakuna mutu wa inje alijua njia yake. Mulimupataje?"

Hyacinthe aliinamisha kichwa. "Tulijua. Tulimungojea pale Kigwena."

"Mulijua kwa nani?"

Hyacinthe alianza kuikunja kofia yake upya.

"Nauliza, mulijua kwa nani?" Hadji aligeuka taratibu, kidole kikamwelekea shemeji yake. "Ile njia alimuambia muke wake. Na muke wake amejua wakati wote kama amekufa. Amekula samaki ya waliomuzika, akatuacha sisi tunatafuta mu magereza na mu hospitali! Zuwena, njia ya mwongo ni fupi. Sema."

Mama Zuwena alimtazama tena Tahira. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitu kabla ya kukibeba.

"Ni miye," alisema mara ya pili. "Waliniuliza njia yake, nikawaambia."

Ua ulilipuka. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Wanaume waliomwita mama wa mtaa wakarudi nyuma, mikeka ikajikunja chini ya miguu yao. Hadji akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyotisha, kwamba alasiri isimkute tena Zuwena katika nyumba ya ndugu yake, na mtoto atabaki kwao. Zuwena akaitikia kwa kichwa.

Na Tahira? Tahira alirudi hatua nyuma, mbali na mama yake. Mama aliiona hatua ile. Nadhani ndiyo iliyomuumiza kuliko yote ya siku ile.

"Hapana!" Hyacinthe alisema. "Mama Tahira, usifanye hivyo."

"Nyamaza, Hyacinthe."

"Simu ile hukuishika weye."

"Nakuomba kwa Mungu wako. Nyamaza."

"Nimenyamaza tangu ule mwaka. Nimechoka."

Akawageukia watu. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Mu kambi, Nasiri alikuwa na muchezo na mutoto wake. Akiwa ku kazi alipiga telefone, anasema: 'Soda mudogo, ripoti!' Na mutoto anasimama wima, anasema yote ya nyumba. Mama anapika nini, nani amekuja, nani ametoka. Bila kuficha, bila kukosa. Kambi yote tulicheka. Na mukubwa wetu alikuwa anajua ule muchezo."

Soda, kwa mnaosoma mbali, ndivyo askari anavyoitwa huku kwetu. Si ile ya chupani. Na wallahi siku ile hakuna aliyefikiria ya chupani.

"Mukubwa akanipa telefone," Hyacinthe aliendelea. "Akasema: 'Weye ni jirani, mutoto anakujua sauti. Piga.' Akaniapia watamukamata tu, hawatamugusa. Nikapiga."

Tahira alisikia baridi ya sementi chini ya nyayo zake, sementi ya nyumba hii hii, walipokuwa wametoka tu kambini na mama, miaka mingi nyuma. Visigino vimekutana. Simu ya mama imeshikwa kwa mikono miwili. Na sauti ya mtu anayejilazimisha kucheka: Soda mudogo, ripoti.

Midomo yake ilisema kabla hajaiambia iseme.

"Baba anakuja kesho. Anapita Kigwena, ku pikipiki. Amevaa kanzu ya Baba Mukubwa."

Hadji Ismaili alitoa sauti ambayo sijui niiandikeje. Kanzu ile alikuwa ameipiga pasi yeye mwenyewe kabla ya kumpelekea ndugu yake.

Ilikuwa ripoti safi. Mtoto wa miaka sita, na hakukosea neno. Ndivyo alivyolelewa.

"Mama," Tahira alisema. "Ulijua?"

"Nilikuwa mu jikoni, nakaanga ndagala," Zuwena alijibu, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka bila kizuizi. "Nilikusikia unatoa ripoti. Nilizania ni baba yako. Nilicheka, Tahira. Nikasema huyu kweli mutoto wa askari. Alafu nikakuuliza, baba anasema nini? Ukanijibu: si baba, ni Papa Elda. Nilimupigia baba yako mpaka telefone ikazima. Haikushika. Nikakuambia usiseme tena ile neno kwa mutu, na weye ukasahau. Nilimushukuru Mungu ulisahau."

"Na samaki?"

"Baba akiwa muzima, hakuna mutu atauliza nani alimusema. Ni hiyo tu nilikuwa nataka."

Tahira akaanguka mikononi mwa mama yake, na ile hatua aliyorudi nyuma aliilipa kwa kumshika hivyo. Hakuna aliyewagusa. Hata yule mwanamke wa kutema mate alikuwa ameketi chini, khanga kichwani, akilia kwa nguvu kuliko wenye msiba.

Kisha wakasikia komeo.

Hadji Ismaili alikuwa amefunga lango, ufunguo ameutia mfukoni. Aliporudi, mkononi alikuwa na mchi mzito wa kupondea mawese, na alitembea moja kwa moja kuelekea kwa Hyacinthe aliyekuwa bado ameketi mchangani.

"Hadji!" Shehe alisema. "Muogope Mungu!"

"Ninamuogopa. Marehemu wetu iko na kaburi sasa. Na aliyemupigia telefone, tumuchimbie lake."

Hyacinthe hakuinuka kukimbia. Alifumba macho tu. "Mumbabarire," alisema, akiwaomba msamaha kwa lugha ya mama yake.

Nitawaambia ukweli: Tahira alitamani mchi ule ushuke. Alitamani kwa moyo wake wote. Mtu yule alikuwa ameuchukua mchezo wake na baba yake, kitu chake kizuri kuliko vyote, akakitumia kumuua baba. Aliutazama mchi ukipanda, na akatamani.

Halafu akajitoa mikononi mwa mama, akaja kusimama kati yao.

"Ondoka, mwanangu," Hadji alisema.

"Bado, Baba Mukubwa."

"Ondoka!"

"Akikufa leo, tunabaki na nini? Yeye peke yake anajua baba alisema nini mbele ya kufa. Anajua nani alikuwa pale. Mimi nilisema yote niliyoulizwa. Na yeye aseme yote."

Mchi ulibaki juu. Tahira alimgeukia mtu aliyeketi mchangani. Hakupandisha sauti.

"Serja Hyacinthe. Ripoti."

Desturi ya kazi ni kitu cha ajabu. Mtu yule aliyekuwa akingoja kufa akasimama. Mikono ikashuka ubavuni, kidevu kikapanda, macho yakatazama mbali juu ya vichwa vya watu.

"Tulikuwa wane mu gari," alisema. "Mukubwa, ambaye amekwisha kufa. Miye. Dereva, alikimbilia inchi ya mbali, simujui alipo. Na wa nne."

"Askari gani?"

"Hakukuwa askari. Usiku ule pikipiki zilipita nyingi, na kanzu zilikuwa nyingi, sisi hatukutaka kukosea mutu. Yeye ndiye alituonyesha. Alisema: ule pale ndiye Nasiri. Mutu wa hapa hapa Rumonge, anayemujua toka utoto."

"Jina lake?"

Hyacinthe alishusha macho, akamtazama yeye.

"Nilipotoa amahoro pale mulangoni, hakuniitikia. Iko hapa, Tahira. Leo alipanga safu na ninyi."

Kila mtu akamtazama jirani yake. Hadji alishusha mchi, akaanza kuzipitia nyuso za safu ya kwanza, kisha za safu ya pili, moja baada ya nyingine.

Hakuitazama safu ya mwisho. Huko nyuma, mtu mmoja alikuwa ameshafika ukutani, ameinama, mkono mmoja ukipapasa viatu vyake na mwingine umetangulia juu ya ukuta.